Jinsi ya kuangalia 3:10 to Yuma zote mbili bila kuishia kwenye risasi

3:10 to Yuma ni muvi ya kikauboi iliyotengenezwa mara mbili, na kama uliiona ile mpya waliyoigiza Russell Crowe na Christian Bale ukatoka unauliza "sasa yule jambazi anawaua watu wake mwenyewe kwa sababu gani", basi soma hapa, na natahadharisha mapema kwamba mwisho naumwaga wote.

Jambo la kwanza kabisa, usiiangalie hii muvi kwenye kibanda umiza ikiwa imewekewa DJ, yule anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Mi nawakubali sana madj, nimekulia Ngarenaro, Arusha, na bila wao nusu ya muvi nisingezielewa, ila kazi ya DJ ni kujaza pale penye ukimya, na muvi hii mambo yake yote yako kwenye ukimya. Steringi anamwangalia adui sekunde kumi hamna anayeongea, we unasikia tu "oyaa jamaa kapaniki huyo!", basi umeshapoteza. Tafuta yenye sauti yake na maandishi chini, Kiingereza kikigoma unastopisha unasoma taratibu.

Anza na ya zamani, ya 1957, aliyoiongoza Delmer Daves. Haina rangi, ni dakika 92 tu, machalii watakuzingua ooh muvi ya mababu, waache. Glenn Ford ndo Ben Wade jambazi, Van Heflin ndo Dan Evans mfugaji aliyepigwa na ukame, anakubali kumsindikiza jambazi mpaka kwenye treni ya saa tisa na dakika kumi alasiri inayoenda jela ya Yuma kwa sababu kuna dola 200. Halafu ndo uweke ya 2007 aliyoiongoza James Mangold, humo Crowe ndo Wade na Bale ndo Dan, saa mbili na dakika mbili. Usizipange siku moja, kichwa kitachoka, na kama ni wikiendi yenye mechi ndo usahau kabisa, hata ukiwa nyumbani watakuja kukunyang'anya TV.

Sasa cha kuangalia ni nini. Mi nashauri ujiulize swali moja tu muda wote: huyu anatamani nini alichonacho yule? Ukilishika hilo mengine yanafunguka yenyewe.

Dan wa 2007 mguu mmoja aliuacha vitani, ana deni, na anayemdai kamfungia maji kule juu ili ng'ombe wafe auze shamba. Mtu wa Old Moshi au Uru, kule Kilimanjaro, hahitaji kuelezewa hapo, ukishakuwa na jirani wa juu anayefunga mfereji usiku wakati zamu ni yako, na asubuhi unakuta migomba imelegea na mke anakuangalia tu hasemi kitu, unajua kabisa huyo baba anajisikiaje. Kibaya zaidi ana mtoto, William, miaka 14, ambaye hamheshimu baba yake hata kidogo, macho yote kwa Wade. Angalia huyo mtoto kuliko unavyoangalia bastola. Kwenye ya 1957 watoto ni wadogo, mke ndo anayemfuata mumewe mpaka mjini kumwomba aachane na hiyo kazi, kwenye ya 2007 anayemfuata ni mtoto, na hayo ni mabadiliko makubwa kuliko rangi na mabomu. Mbele ya mke Dan alitakiwa aelezee kwa nini anaendelea, mbele ya mtoto hawezi kurudi nyuma hata akitaka.

Wade naye usimchukulie ni katili tu. Anachora picha kwenye kitabu, anaijua Biblia, anakutolea Mithali 21 kabisa kwamba kila njia ya mtu ni sawa machoni pake mwenyewe bali Bwana huipima mioyo. Baadaye anamwambia Dan kwamba akiwa mdogo mama yake alimpa Biblia asome wakiwa stesheni, akaisoma siku tatu, mama hakurudi. Tulia hapo, rudisha nyuma uangalie tena. Huyu mtu ana pesa, ana genge, ana msaidizi wake Charlie Prince, aliyeigizwa na Ben Foster, anayemfuata kama mbwa, ila hajawahi kuwa na mzazi wa kumng'ang'ania. Na mbele yake kuna baba kilema anayekubali kufa ili mtoto amwone mtu.

Chumba cha hoteli ndo moyo wa muvi zote mbili. Hata hadithi fupi ya Elmore Leonard ya 1953 zilikotoka, kubwa yake ni watu wawili chumbani wanasubiri treni. Pale Wade hatumii nguvu, anatumia bei, anampandishia Dan hela huku anatabasamu. Angalia macho ya Dan kila bei inapopanda, mi naona Van Heflin kamshinda Bale hapa, jasho tu linaongea.

Mwisho sasa. Ya 1957 wote wanapanda treni wazima na mvua inanyesha. Ya 2007, wakiwa wanakimbia, Wade anamgeuka na kumkaba, ndipo Dan anafunguka kwamba ule mguu alipigwa na mwenzake upande wao huohuo wakiwa wanarudi nyuma, hana hadithi ya ushujaa ya kumpa mwanawe. Wade anamwachia, na kuanzia hapo anakimbilia treni kwa hiari yake. Kwa hiyo Charlie anapomuua Dan, Wade haoni mtu aliyekuja kumwokoa, anaona mtu aliyeua kitu pekee alichokuwa amekiheshimu. Anawamaliza wote, anapanda treni mwenyewe, halafu anampigia farasi wake mluzi, maana Yuma alishatoroka mara mbili.

Ukiangalia na washkaji, wapigie swali la huo mluzi, alibadilika au hakubadilika? Kwetu hawajamaliza kubishana mpaka leo, na mwenye sabufa alishataka kutufukuza.