Sare ya mwanafunzi wa uuguzi wodini wakati wa baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi wa uuguzi anayepangiwa mafunzo kwa vitendo mwezi Juni au Julai katika hospitali za Mbeya, Iringa au Njombe huingia zamu ya asubuhi wakati baridi bado inauma vidole. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na anayetoka Uyole kwa daladala alfajiri hawezi kulaumiwa kwa kujifunika. Ndiyo maana naanza na sweta kabla ya viatu na nywele, kwani katika nyanda hizi sweta ndiyo inayowakosesha wanafunzi wengi, hata wale ambao sare zao zimepigwa pasi vizuri.

Vaa sweta njiani, na kama mkuu wa wodi anaruhusu, ibaki mwilini wakati wa makabidhiano ya zamu, lakini ivue kabla hujaanza kumhudumia mgonjwa wa kwanza. Mikono iwe mitupu kuanzia kwenye viwiko hadi ncha za vidole: bila sweta, bila saa, bila bangili, bila uzi wala shanga. Uingereza ilitangaza utaratibu huu kwa hospitali zake za umma mwaka 2007, na sababu yake ni rahisi kuelewa: hakuna anayeweza kunawa hadi kwenye vifundo vya mikono huku nguo ikimteremkia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataka kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60, na kujipaka kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30. Anayeogopa kulowesha sweta huishia kusugua viganja tu na kuondoka.

Nikiwa mwaka wa kwanza wa masomo, nilikuwa nikimsafisha kidonda mzee aliyeungua mguu. Sweta nilikuwa nimeikunja hadi juu ya kiwiko, nikaamini imetulia. Nilipoinama kuchukua gozi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda) kwa fosepsi (koleo ndogo ya kushikia), mkunjo ulifunguka na ncha ya sweta ikalala juu ya gozi zilizokwisha kutakaswa. Muuguzi aliyenisimamia hakunigombeza. Aliiondoa trei yote, tukaanza kuandaa nyingine. Mzee alisubiri muda wote ule, bandeji ikiwa imeshafunguliwa, mguu ukipigwa na baridi. Tangu siku hiyo sikunji sweta, naivua.

Joto litafutwe ndani ya sare, si juu yake. Fulana mbili za pamba zisizo na mikono, zikivaliwa moja juu ya nyingine chini ya gauni au shati, zinatosha kwa asubuhi nyingi za Mbeya, na soksi nzito pamoja na taiti ya rangi inayokubaliwa na chuo husaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Anayepangiwa wodi ya wazazi akumbuke pia kupasha viganja joto kwa kuvisugua baada ya kunawa na kukausha, kwa sababu mama mjamzito akiguswa tumbo kwa mkono wa barafu hujikaza, na tumbo lililokazwa halipimiki vizuri.

Kucha ziwe za asili, fupi, bila rangi. Mwongozo huohuo wa 2009 unataka ncha zake zisizidi nusu sentimita, lakini mimi nawaambia wanafunzi wazikate hadi ukiutazama mkono kwa upande wa kiganja usizione kabisa. Kucha za kubandika hazina nafasi wodini, kwa kuwa vijidudu hujificha chini yake hata baada ya kunawa, na glovu hutoboka kwa urahisi. Pete yenye jiwe iachwe nyumbani. Anayemwogesha mtoto mchanga anaelewa haraka kwa nini: ngozi ile huchubuka kwa mguso mdogo sana.

Nywele, zilizosukwa au za asili, zibanwe zisifike kwenye kola. Hijabu iwe fupi, ncha zake ziingizwe ndani ya vazi, na ibadilishwe kila siku kama sare nyingine. Wanaume wanaofuga ndevu wazingatie kwamba barakoa maalumu inayotumika kwa wagonjwa wa kifua kikuu haizibi vizuri juu ya ndevu, na hewa hupenya pembeni.

Gauni lipimwe kwa kazi, si kwa kioo. Inama kana kwamba unachomeka shuka chini ya godoro, kisha nyoosha mikono juu kama mtu anayetundika chupa ya dripu. Ikiwa katika moja ya mikao hiyo unalazimika kulivuta au kulishika, mpelekee fundi.

Viatu viwe vya kufunika mguu wote, vyenye soli isiyoteleza wala kupiga kelele, na vinavyofutika kwa kitambaa chenye dawa, kwa kuwa sindano ikianguka au damu ikimwagika, ndala hazikingi chochote. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua inapogeuza njia kuwa tope, njoo na viatu vingine na ubadilishe ukifika.

Saa inayofaa ni ile ya kubana kifuani yenye mshale wa sekunde. Pumzi za mtoto huhesabiwa dakika nzima, na simu iliyoshikwa sokoni na kwenye bajaji haifai kutolewa mfukoni kila unapopima. Beji iwe mahali inapoonekana, lakini isikutosheleze: wazee wengi wanaoletwa kutoka vijijini hawatasoma maandishi yake madogo, kwa hiyo taja jina lako na useme wazi kuwa wewe ni mwanafunzi. Mgonjwa ana haki ya kujua ni nani anayemgusa.

Harufu nayo ni sehemu ya mavazi. Manukato makali humsumbua mwenye pumu na mjamzito anayetapika, na moshi wa jiko la mkaa hufanya vivyo hivyo; usitundike sare katika chumba unachopikia.

Zamu ikiisha, badilisha nguo kabla ya kutoka hospitalini. Sare iliyovaliwa ifungwe kwenye mfuko wake, ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za watoto wala taulo za nyumbani. Wakati wa kiangazi cha baridi jua la mchana linakausha vizuri, lakini kwenye ukungu wa Tukuyu au Makete nguo inaweza kukaa kambani siku mbili ikiwa bado na unyevu. Kwa sababu hiyo seti mbili hazitoshi. Tafuta ya tatu hata kama itabidi ishonwe mwezi unaofuata, na kila seti ipigwe pasi ya moto pande zote, pamoja na mifuko, ambako kalamu, pamba na mikono yako huingia mara nyingi zaidi.