Uzito umegoma kushuka: jinsi ya kurekebisha kalori hatua kwa hatua

Mtu anapokuja kwangu akisema uzito umegoma, mara nyingi ameshajiadhibu vya kutosha. Ameacha chakula cha jioni, ameongeza nusu saa ya kukimbia, anaiogopa mizani kila asubuhi, na namba ni ile ile. Ombi langu la kwanza ni kwamba asikate chochote kwanza. Aandike tu. Katika kazi hii ya ushauri wa lishe nimejifunza kuwa waliokwama kweli ni wachache kuliko wanaodhani wamekwama, na hata hao kinachowatoa hapo ni marekebisho madogo, kalori 150 hadi 300 kwa siku, yaliyofanywa kwa hesabu sahihi. Anayekata kalori kabla ya kuhesabu huishia na njaa kali na hasira, na wiki mbili baadaye ameacha kila kitu.

Kabla hujaendelea: kama una mimba, unanyonyesha, hujafika miaka 18, uliwahi kuugua matatizo ya ulaji, au unatumia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari, zungumza na daktari wako kwanza. Kwa mtu wa insulini hili ni jambo la hatari kabisa, maana akipunguza chakula huku dozi imebaki vile vile, sukari inaweza kushuka ghafla.

Hatua ya 1: Hakikisha umekwama

Jipime kila siku asubuhi, baada ya kutoka msalani, kabla ya kula au kunywa, ukiwa na nguo zile zile au bila nguo. Andika. Mwisho wa wiki jumlisha namba saba, gawanya kwa saba. Huo wastani ndio uzito wako wa wiki hiyo.

Tazama mfano huu. Wiki ya kwanza mtu amepata 78.4, 78.9, 78.1, 78.6, 79.0, 78.3, 78.0. Wiki ya nne akapata 78.1, 77.7, 78.8, 77.9, 77.6, 78.2, 77.5. Angekuwa anajipima siku ya tatu ya wiki peke yake, angeona 78.1 kisha 78.8, na angelia kuwa amenenepa. Wastani wake umetoka 78.5 hadi 78.0. Amepungua nusu kilo ndani ya siku 21. Huyu hajakwama, anakwenda polepole.

Kinachoificha nusu kilo hiyo ni maji. Kila gramu ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, hukaa na takriban gramu tatu za maji, kwa hiyo mlo mmoja mkubwa wa wanga huonekana kwenye mizani kesho yake. Chumvi nyingi hufanya hivyo. Kufunga choo pia. Ukianza mazoezi mapya magumu, misuli iliyochoka hushika maji kwa siku kadhaa. Wanawake wengi huongezeka kilo moja au zaidi siku za kuelekea hedhi, ndiyo maana huwaambia walinganishe wiki ya mzunguko na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, kamwe wasilinganishe wiki ya kabla ya hedhi na wiki ya baada yake.

Pima na kiuno kwa utepe, usawa wa kitovu, mara moja kwa wiki. Wastani wa uzito ukisimama kwa wiki tatu au nne mfululizo, na kiuno nacho kimesimama, sasa tunaweza kusema umekwama.

Hatua ya 2: Hesabu upya unachokula, kwa mizani ya jikoni

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, na ninakuomba usiiruke.

Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha utafiti juu ya kundi dogo la watu waliosema hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Walipopimwa kwa njia za maabara, ilionekana wanakula karibu mara mbili ya walichoandika: walipunguza hesabu ya chakula kwa wastani wa asilimia 47, na kuzidisha ya mazoezi kwa asilimia 51. Sioni uongo wa makusudi hapo. Jicho la binadamu halijui kupima chakula, langu likiwemo, na kadiri miezi inavyokwenda mkono unazidi kuwa mwepesi.

Anza na mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula, kilichojaa sawasawa, ni gramu 14 hivi, na ni kama kalori 120. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa huweka vijiko vitatu akidhani ni kimoja. Fanya hivi: weka chupa juu ya mizani ya jikoni, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, inua chupa, mimina kwenye sufuria, irudishe kwenye mizani. Namba ya hasi utakayoiona ndiyo gramu ulizotumia. Kila gramu ya mafuta ni kalori tisa.

La pili ni wanga uliopikwa na usiopikwa. Gramu 100 za wali uliopikwa ni takriban kalori 130. Gramu 100 za mchele mkavu ni kama 360. Ukipima mkavu na kuandika kwa hesabu ya uliopikwa, umejificha kalori 230 kwenye sahani moja. Chagua njia moja, uishike.

Na sufuria ya familia nzima? Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu lake ni rahisi. Pima sufuria tupu, uandike uzito wake mahali, tuseme gramu 900. Jumlisha kalori za vitu vyote ulivyotia ndani vikiwa vibichi, pamoja na mafuta, tuseme 2,400. Chakula kikiiva, pima sufuria nzima: 2,900. Toa 900, chakula ni gramu 2,000, kwa hiyo kila gramu ina kalori 1.2. Ukijipakulia gramu 350, umekula kalori 420. Inachukua dakika mbili.

Andika pia unachodonoa: kuonja wakati wa kupika, mabaki ya sahani za watoto, sukari kwenye chai (kijiko kidogo cha gramu nne ni kalori 16, na vikombe vitano vyenye vijiko viwili viwili ni 160). Siku za mapumziko usiziache nje ya daftari. Mtu anayekula 1,800 siku tano na 2,600 siku mbili, wastani wake ni karibu 2,030 kwa siku. Upungufu wote wa wiki, yaani kalori alizokula chini ya mahitaji ya mwili, umeliwa siku mbili.

Fanya hivi kwa siku 14 bila kubadilisha ulaji wako. Nasisitiza, bila kubadilisha, maana tunatafuta ukweli wa jinsi unavyokula sasa.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini kalori za zamani hazitoshi tena kukupunguza

Chukua mwanamke wa miaka 34, urefu sentimita 165, aliyeanza na kilo 92 na sasa ana 78. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa 1990, kalori za mwili ukiwa umepumzika kwa mwanamke ni: uzito mara 10, ongeza urefu mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. (Kwa mwanamume, badala ya kutoa 161, unaongeza 5.) Alipoanza alikuwa na 1,620. Leo ana 1,480. Ukizidisha kwa 1.375, yaani mtu anayejishughulisha kidogo, matumizi ya siku nzima yametoka 2,228 hadi 2,035.

Alipoanza kula 1,800 alikuwa na upungufu wa zaidi ya kalori 400 kwa siku. Leo, kwa 1,800 zile zile, umebaki kama 235. Sasa ongeza mambo mawili. Mwili uliopungua hubana matumizi kupita kile ambacho udogo wake peke yake ungeeleza. Leibel, Rosenbaum na Hirsch walilionyesha hili mwaka 1995. Leptini, homoni inayozuia njaa, hushuka, njaa hupanda, na mtu hupunguza kutembeatembea bila kujijua: anakaa mahali alipokuwa anasimama, anamtuma mtoto kitu alichokuwa anakifuata mwenyewe. Jambo la pili ni ule mkono mwepesi wa Hatua ya 2. Upungufu umekwisha.

Wengine wataambiwa kuwa umetaboli wao, yaani kazi ya mwili ya kuunguza kalori, umekufa, au kwamba mwili ukila kidogo hukataa kabisa kupungua. Si kweli. Katika jaribio la Minnesota la 1944 na 1945, chini ya Ancel Keys, vijana wa kiume 36 waliojitolea walipewa karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa wiki 24. Umetaboli wao ulishuka sana, na waliteseka mwilini na akilini, lakini walipoteza takriban robo ya uzito wao. Mwili hubana matumizi. Haufungi.

Hatua ya 4: Tafuta namba yako kutoka kwenye daftari lako

Kanuni ni makadirio. Kumbukumbu zako za siku 14 au 21 zina nguvu zaidi. Hesabu ni hii: wastani wa kalori ulizokula kwa siku, ongeza kilo ulizopungua mara 7,700 ukigawanya kwa idadi ya siku. Uliyepungua sifuri, wastani wa ulaji wako ndio kalori zako za kudumisha uzito.

Mwanamke wetu aliamini anakula 1,800. Baada ya kupima mafuta na kuandika kila alichodonoa, alikuta 1,970. Uzito haujasogea, kwa hiyo namba yake ni 1,970. Kanuni ilisema 2,035. Fuata daftari.

Hatua ya 5: Punguza asilimia 10 hadi 15, usizidishe

Kwa 1,970, hiyo ni kushuka hadi kati ya 1,675 na 1,775. Mimi ningeanza na 1,750. Ona kwamba mpango wake wa zamani wa 1,800, ukifuatwa kwa mizani ya kweli, tayari ungekuwa karibu na hapo.

Mwanamke asishuke chini ya 1,200 na mwanamume chini ya 1,500 bila usimamizi wa mtaalamu. Ukiona hesabu inakupeleka huko, ongeza kutembea badala ya kukata chakula. Hatua 2,000 za ziada kwa siku, kwa mtu wa kilo 78, ni takriban kalori 60 hadi 90. Wala usile tena kalori ambazo saa ya mkononi inasema umeunguza. Saa hizo hukosea sana.

Kata kwenye mafuta ya kupikia, sukari na pombe (gramu ya pombe ni kalori saba). Protini usiiguse. Lenga kama gramu 1.6 kwa kila kilo. Mwenye uzito mkubwa sana ahesabu kwa uzito anaoulenga. Protini hushibisha, na asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake hutumika katika kuimeng'enya. Ukichanganya na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito mara mbili au tatu kwa wiki, sehemu kubwa ya unachopoteza itakuwa mafuta, na misuli itabaki.

Hatua ya 6: Kama umekuwa kwenye upungufu kwa miezi mitatu au zaidi, pumzika kwanza

Kula kalori za kudumisha uzito, 1,970 kwa mfano wetu, kwa wiki mbili. Utafiti wa Australia uliotoka 2017, kwa wanaume wenye unene uliopitiliza, uliona kuwa waliobadilishana wiki mbili za kupunguza na wiki mbili za kudumisha walipungua zaidi kuliko waliopunguza mfululizo. Tafiti nyingine kwa watu wanaofanya mazoezi hazikupata tofauti hiyo, kwa hiyo siahidi miujiza ya umetaboli. Ninaitumia kwa sababu nimeona watu wakirudi wamelala vizuri, hasira imepungua, na wana nguvu ya kupima chakula tena. Siku za mwanzo uzito utapanda pengine kilo moja. Ni glaikojeni na maji. Usiogope, endelea kuandika.

Hatua ya 7: Subiri wiki tatu kabla ya kugusa chochote

Upungufu wa kalori 220 kwa siku ni kilo 0.2 kwa wiki. Maji peke yake hupanda na kushuka zaidi ya hapo kwa siku moja. Linganisha wastani wa wiki ya kwanza na ule wa wiki ya nne. Umeshuka, acha kama ulivyo. Haujashuka na daftari ni la kweli, toa kalori 100 nyingine au ongeza hatua 2,000, kimoja tu kati ya hivyo.

Wiki sita zikipita hivyo bila mabadiliko, muone daktari akupime tezi ya shingo na aangalie dawa unazotumia, maana steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza uzito. Usiache dawa yoyote mwenyewe.

Uzito ukianza kushuka tena, weka alama kwenye daftari kila unapopoteza kilo tano, kisha urudie Hatua ya 4 siku hiyo hiyo, hata kama mizani bado inakupa habari njema.