Kidonda kibichi usikimwagie unga wa kapsuli

Mvuvi mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma, alinijia na kiganja kilichochanwa na ndoano. Kidonda kilikuwa cha siku nne, juu yake gamba jeupe gumu kama chokaa. Alikuwa amepasua kapsuli ya antibiotiki akamwaga unga wake. Nililainisha gamba lile kwa gozi, kitambaa cha kufungia vidonda, yenye maji karibu nusu saa. Lilipobanduka, usaha ukatoka. Akaniuliza, "Dada, mbona dawa nilitia?"

Dawa ya kwanza alikuwa nayo mwilini. Ngozi yetu na seli nyeupe za damu hutengeneza peptidi, vipande vifupi vya protini vinavyoua vijidudu. Mojawapo ni LL-37: ina asidi amino 37, yaani vijenzi vya protini, na huanza na mbili za aina ya lusini, ndizo hizo L mbili. Yenyewe ina chaji chanya, utando wa bakteria una chaji hasi, basi hunata pale na kuutoboa. Tena huzihimiza seli za ngozi zisogee kuziba kidonda.

Wewe isaidie. Nawa mikono. Damu ikichuruzika, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Chemsha maji, yapoe, uyamiminie kidondani mpaka mchanga na magamba ya samaki yaishe. Maji ya ziwani hapana. Sabuni ipite pembeni tu. Spiriti iache, maana inaunguza seli zilezile zinazotengeneza peptidi. Majivu na dawa ya meno vilevile. Funika kwa gozi safi, ubadilishe kila siku, na mapema zaidi ikilowa.

Ukichomwa na ndoano au msumari, nenda kituoni siku hiyohiyo uulizie chanjo ya pepopunda. Wekundu ukitambaa, homa ikipanda, au kama una kisukari, usisubiri.

Mbona peptidi yenyewe haiuzwi dukani? LL-37 nzima ni ghali kuitengeneza, vimeng'enya huikatakata, na ikizidi hudhuru hata seli zetu. Ndiyo maana watafiti wanajaribu vipande vyake. KR-12, kipande cha asidi amino 12 tu kilichoelezwa mwaka 2008, kiliua bakteria wa E. coli maabara bila kudhuru seli za binadamu. Kutoka maabara hadi trei yangu ya kufungia vidonda ni safari ndefu, lakini naisubiri kwa hamu, kwa sababu antibiotiki tulizonazo tunazichosha kwa kuzimwaga ovyo.

Mvuvi yule nilimfunga upya kila asubuhi. Kapsuli zilizobaki alinikabidhi mwenyewe, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti.