Kujiandikisha na kumpigia kura mwakilishi wadi Nakuru: hatua kwa hatua

Kati ya kura sita za uchaguzi mkuu wa Kenya, ya mwakilishi wadi ndiyo rahisi zaidi kuipoteza. Rais utampigia popote ulipoandikishwa, hata Turkana. Gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake huenda na kaunti, mbunge na eneo bunge. Mwakilishi wadi huenda na kituo chako. Mtu anakaa Kaptembwo miaka minane, taka za mtaa anaziruka kila asubuhi, halafu siku ya kura analipa nauli hadi Bumula kuwachagulia mwakilishi watu anaowaona Krismasi tu. Kama ndivyo ulivyo na umeridhika, sawa. Kama hujaridhika, anza hapa.

Hatua ya 1: Ijue wadi yako, usikisie kwa jina la mtaa

Kaunti ya Nakuru ina maeneo bunge 11 na wadi 55, na mipaka yake haifuati njia za matatu. Wakazi wa Lanet Umoja na Kiamaina wengi hujihesabu watu wa mjini, lakini kwa kura wako eneo bunge la Bahati. Nakuru Mjini Mashariki ina wadi za Biashara, Kivumbini, Flamingo, Menengai na Nakuru East. Magharibi kuna Barut, London, Kaptembwo, Kapkures, Rhoda na Shaabab. Angalia pia kwamba wadi ya Biashara ziko mbili: hiyo ya mjini, na nyingine Naivasha. Kwa hiyo unapotaja wadi kwa karani wa uandikishaji, taja na eneo bunge.

Muulize chifu au mzee wa nyumba kumi ni shule gani inayopigiwa kura na watu wa ploti yenu. Jina la shule hiyo ndilo utakalompa karani. Ukimwambia "popote tu", atakuandika popote, na huko ndiko utakakopiga kura.

Hatua ya 2: Kitambulisho mkononi

Uwe umetimiza miaka 18 na uwe na kitambulisho cha taifa chenyewe, au pasipoti ambayo haijaisha muda. Nakala, picha iliyo kwenye simu, leseni ya udereva na ile karatasi ya kusubiria kitambulisho hazikubaliwi. Ulichojiandikishia ndicho utakachobeba siku ya kura, kwa hiyo kama pasipoti yako inakaribia kuisha muda, tumia kitambulisho.

Hatua ya 3: Mbele ya karani

Ofisi za tume ya uchaguzi, IEBC, ziko katika kila eneo bunge. Wakati wa uandikishaji wa watu wengi, makarani husambaa mashinani na mashine zao. Usingoje wakati huo: mwaka 2022 zoezi la mwisho la aina hiyo lilifungwa Februari 6, na uchaguzi ukawa Agosti 9. Waliosema "nitachukua kura mwezi wa nne" hawakuwakuta tena makarani mashinani.

Utajaza fomu, utapigwa picha, na alama za vidole vyote kumi zitachukuliwa. Vidole ndivyo huleta shida. Fundi wa mawe, mvunja kokoto na anayefua nguo kwa mkono wana ngozi iliyolika, na mashine haioni mistari. Osha mikono kwa sabuni, kausha kabisa, na asubuhi hiyo usipake mafuta. Kidole kikitokea hafifu kwenye kioo cha mashine, mwombe karani akirudie hata kama foleni inanung'unika. Alama mbovu leo ndiyo itakayokukwamisha mlangoni siku ya kura.

Kabla karani hajafunga ukurasa wako, omba usome mambo manne: namba ya kitambulisho, tahajia ya majina, kituo, na wadi. Tarakimu moja ikikosewa, itabidi urudi. Ile stakabadhi utakayopewa haihitajiki ili kupiga kura, lakini jina la kituo limo, kwa hiyo itunze.

Kama uliandikishwa kwingine

Usijiandikishe upya. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na vidole vyako vitakusema. Unachotaka ni uhamisho: nenda mwenyewe, na kitambulisho, katika ofisi ya tume ya eneo bunge unalohamia. Sheria inadai uombe siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo ukivuka Mei 12 umechelewa. Hata ukihama kutoka Rhoda hadi London tu, ndani ya eneo bunge lilelile, omba kubadilishiwa kituo, maana wadi imebadilika.

Uchaguzi mdogo una mtego wake. Kiti kikishatangazwa kuwa wazi, uandikishaji wa eneo hilo husimama hadi kura ipigwe. Huwezi kuhamia wadi baada ya kusikia mwakilishi wake amefariki au amevuliwa kiti na mahakama.

Hatua ya 4: Hakiki jina lako

Tume hufungua daftari ili watu wakague. Mwaka 2022 ulituma namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa ujumbe mfupi kwenda 70000. Fanya hivyo tume inapotangaza ukaguzi, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni saa ya kufunga atapiga kura, hata giza liingie.

Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule kubwa hugawanywa madarasa kadhaa, kila moja na foleni yake. Soma orodha zilizobandikwa kabla ya kupanga foleni. Watu husimama saa mbili, wakaambiwa mlangoni kwamba darasa lao ni lile la pili. Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na walemavu hupitishwa mbele; mwambie karani wa foleni, usingoje akuone.

Ndani, kifaa cha KIEMS, kile cha kutambua wapiga kura, kitasoma kidole chako. Kikikataa, usiondoke. Karani anaweza kukutafuta kwa namba ya kitambulisho, na Fomu 32A ikajazwa mbele ya maajenti wa wagombea.

Hesabu karatasi: ni sita, zenye muhuri. Ile ya mwakilishi wadi soma jina la wadi na uangalie picha kabla ya kutia alama. Mwaka 2022 kura ya ubunge Rongai na ya ugavana Kakamega ziliahirishwa hadi Agosti 29 kwa sababu karatasi zilichapwa na makosa, kwa hiyo kuangalia si kupoteza wakati.

Tia alama moja kwa mgombea mmoja. Alama ya vema, msalaba au dole gumba, zote ni halali. Alama mbili, au jina lako likiandikwa popote, zinaiharibu kura. Wino wa dole gumba uache ukauke kabla ya kukunja karatasi, usije ukamchafua mgombea wa upande wa pili. Ukikosea, usiitumbukize: mrudishie msimamizi, naye ataifuta na kukupa nyingine. Kila karatasi ina debe lenye kifuniko cha rangi yake.

Asiyeona au asiyejua kusoma anaweza kuja na mtu anayemwamini, aliyetimiza miaka 18; msaidizi huyo hasaidii mwingine siku hiyo. Asiye na mtu atasaidiwa na msimamizi mbele ya maajenti.

Kidole kidogo kitapakwa wino. Simu iweke mfukoni muda wote: kupiga picha karatasi uliyotia alama ni marufuku. Itoe jioni, kura zikishahesabiwa, Fomu 36A ya matokeo ya mwakilishi wadi ikibandikwa mlangoni. Hiyo piga picha unavyotaka.