Namna ya Kupika Sadza ya Zimbabwe: Anza na Uji

Mtu aliyezoea kusonga ugali anaweza kudhani kwamba hana la kujifunza mbele ya sadza, kwa kuwa chakula hiki cha Zimbabwe, ambacho Wandebele hukiita isitshwala, nacho ni unga wa mahindi na maji tu, bila chumvi. Tofauti iko jikoni. Msongaji wa ugali kwa kawaida humwaga unga kwenye maji yanayochemka na kuanza kazi mara moja. Mpishi wa sadza hupika uji kwanza, akauacha uive kabisa, ndipo akaukaza kwa unga mkavu. Uji huo ndio unaoipa sadza ulaini wake na kuiondolea ladha ya unga mbichi, na ndiyo hatua ambayo wageni huikatisha mapema. Mimi nilipoipika mara ya kwanza niliupa uji dakika 3 tu, nikapata kitu chenye sura ya sadza na ladha ya mashine ya kusaga.

Tumia unga mweupe wa mahindi. Sembe hutoa sadza nyeupe na nyororo, ilhali dona, ambalo Washona huliita mugaiwa, lina ladha nzito zaidi, hunywa maji mengi na huhitaji muda mrefu kidogo motoni. Mahindi yenyewe ni mgeni wa karne chache katika nchi hiyo; kabla yake sadza ilikuwa ya ulezi, mtama au uwele, na mpaka leo wapo wanaoipika hivyo. Kwa watu 4, pima vikombe 3 na nusu vya unga na vikombe 5 vya maji, kikombe kikiwa cha mililita 250. Chagua sufuria nzito ya lita 3 hivi, yenye mfuniko, pamoja na mwiko mpana na imara, ambao kwa Kishona ni mugoti.

Weka kikombe 1 cha unga kwenye sufuria kabla haijaona moto, mimina kikombe 1 cha maji baridi, kisha koroga mpaka upate rojo lisilo na donge hata moja. Usiyabadilishe maji hayo kwa ya moto, kwa sababu unga mkavu ukikutana na maji moto wanga wa nje huvimba papo hapo na kujifunga kama ngozi, ndani ukabaki unga mkavu usiofikiwa na maji. Bandika sufuria jikoni, mimina vikombe 4 vya maji yanayochemka kidogo kidogo huku unakoroga bila kupumzika, na usiuache mwiko mpaka uji uwe mzito na kuanza kutokota.

Hapo punguza moto, funika ukiacha upenyo mdogo, na uuache uji kwa dakika 15, au 20 ikiwa ni dona. Washona huita kutokota huku kukwata, na sauti yake haifanani na ya maji: ni mapovu mazito yanayopasuka moja moja, pwata, pwata, yakirusha matone yanayonata ngozini na kuunguza. Kwa hiyo unapofunua, inua mfuniko kwa upande wa mbali nawe. Uji ulioiva hupoteza weupe wa chokaa, hung'aa kidogo, na hunukia mahindi yaliyochemshwa. Ukitia siagi ya karanga na sukari wakati huu na kuishia hapo, umepata bota, kifungua kinywa cha nchi hiyohiyo.

Kwa sadza, ongeza unga uliobaki nusu kikombe kila mara, ukisonga vizuri kabla ya kuongeza tena. Shika sufuria kwa kitambaa, kandamiza unga kwenye ukingo, geuza, kandamiza tena. Donge likionekana, liponde papo hapo, kwa maana baadaye halitapatikana. Acha kuongeza unga wakati sadza bado inaonekana laini kidogo kuliko unavyoitaka, hata kama umebaki kikombeni, kwani itaendelea kukaza. Funika, weka moto mdogo kabisa kwa dakika 5, kisha isonge mara ya mwisho. Ikiwa imekuwa ngumu, nyunyiza maji moto kidogo, ifunike mvuke uingie, ndipo usonge.

Chota kwa upawa uliolowekwa majini, ili sadza isinate na uso wake utoke laini, kisha uiandae na kitoweo chenye mchuzi. Mboga za majani zilizoungwa kwa siagi ya karanga zinaafikiana nayo sana, lakini mimi huchagua matemba, dagaa wakavu wa Ziwa Kariba, waliokaangwa kwa vitunguu na nyanya. Dagaa hao asili yao ni Ziwa Tanganyika. Walipelekwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazaana huko. Sadza iliyolala, ambayo huitwa munya, hupashwa moto asubuhi, na ukoko uliobaki sufuriani hubanduka wenyewe ukilowekwa maji baridi usiku kucha.