Ongeza pacha anayechelewa

Seva ya pili (pacha) inayonakili kanzidata papo kwa papo itakuokoa seva kuu ikifa. Haitakuokoa na mkono wako mwenyewe: ukifuta jedwali la wateja kwa bahati mbaya, amri hiyo inafika kwa pacha kabla hujamaliza kusema "lahaula".

Kwa wanaotumia PostgreSQL (programu ya kanzidata), ongezeni pacha mwingine anayechelewa makusudi. Kwenye mipangilio yake weka recovery_min_apply_delay = '4h'. Kumbukumbu za mabadiliko anazipokea mara moja, ila anakaa nazo kwa saa 4 ndipo azitekeleze. Ukishtukia kosa, msimamishe kwa pg_wal_replay_pause(), kisha chota data yako taratibu. MySQL, programu nyingine ya kanzidata, nayo ina mpangilio wa SOURCE_DELAY, ila hiyo huhesabu kwa sekunde.

Nakala rudufu bado zinahitajika, na jaribu kuzirejesha kweli. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, walifuta data ya seva kuu kimakosa. Kukimbilia nakala za pg_dump (zana ya PostgreSQL ya kuchukua nakala rudufu), hazipo! Zilikuwa zikishindwa kimyakimya kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya PostgreSQL. Kilichowaokoa ni nakala ya saa 6 nyuma, ambayo mhandisi aliichukua kwa shughuli nyingine kabisa.