Kuendesha harakati za wadi Nairobi bila kuishiwa nguvu

Kundi la mtaa huvunjika mara nyingi kwa sababu moja. Watu wawili au watatu ndio wanaoandika barua, wanaoshika simu na wanaokimbia kituo cha polisi usiku, na hao wakichoka hakuna anayejua hata faili liko wapi. Mwongozo huu ni wa kundi la watu kumi hadi thelathini linalodai jambo la wadi yao kwa amani: mtaro, taa, maji, zahanati.

Jueni mnamdai nani

Miezi mizima huteketea watu wakimpigia kelele asiyehusika, na hakuna kinachovunja moyo kama hicho. Katiba ya 2010 iligawa kazi. Taa za mitaani, masoko, zahanati, chekechea na uzoaji taka ni za kaunti. Polisi, shule za msingi na za sekondari ni za serikali ya kitaifa. Barabara nyingine ziko chini ya KURA, yaani mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, nyingine chini ya City Hall, makao ya serikali ya kaunti, kwa hiyo ulizeni kwa barua kabla ya kuchora bango hata moja.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawaruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Bila muhuri mtashindwa kuonyesha kwamba siku zimepita. Ofisi ikinyamaza, mlalamikie Tume ya Haki ya Utawala.

Barua ikiwa ofisini, msikutane kila jioni kuijadili. Siku hizo 21 ni za watu kulala, kufua na kukaa na watoto wao.

Kazi ifuate kalenda ya bajeti

Kundi linaloamka kila mara mtu anapotuma video ya kukasirisha litachoka kabla ya kupata chochote. Kaunti ina tarehe zake kisheria: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Mtaro usiotajwa kwenye mpango wa Septemba huwa vigumu kuupatia fedha Aprili.

Kwa hiyo wekeni nguvu Julai na Agosti, mkikusanya sahihi na picha na kumfuata MCA, mwakilishi wa wadi yenu katika Bunge la Kaunti. Rudini Januari na Februari, halafu Mei wakati kamati za bunge zinapochambua makadirio. Novemba na Desemba fungeni kabisa: wengi wanaenda ushago, na ofisi nazo zinapooza. Mapumziko yaandikwe kwenye kalenda ya kundi kama kikao kinavyoandikwa, la sivyo yatamezwa.

Kikao kimoja kila wiki mbili kinatosha, kisizidi dakika 90. Jumapili alasiri huwafaa wengi kuliko jioni ya katikati ya wiki, maana mama mboga yuko kwenye biashara na mtu wa mjengo bado yuko njiani.

Simu

Hapa ndipo watu huishiwa nguvu. Simu ya kundi ikae kwa zamu ya wiki moja, watu wanne wakibadilishana, na iwe laini yake yenyewe, si namba ya mtu binafsi. Aliye zamu hujibu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Baada ya hapo ni dharura tu, yaani mtu amekamatwa, ameumizwa au hajulikani aliko. Wasio zamu wazime sauti ya kundi la WhatsApp bila kuomba radhi.

Picha na video za watu waliopigwa zipokewe na mmoja tu, kwa zamu hiyohiyo. Wengine wazime upakuaji wa moja kwa moja kwenye mipangilio. Kutazama damu kila asubuhi kabla ya chai hakumsaidii aliyeumia, na kunamwondolea usingizi mtu ambaye kesho mnamhitaji.

Mkiamua kuandamana

Ibara ya 37 ya Katiba inalinda maandamano ya amani yasiyo na silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa ipelekwe kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, ikiwa na majina na anwani ya waandaaji, njia, tarehe na saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni taarifa, si ombi la ruhusa, iandikeni hivyo. Muhuri tena.

Chagueni Jumanne au Jumatano. Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa husubiriwa siku inayofuata ya korti. Anayekamatwa Ijumaa mchana anaweza kulala ndani hadi Jumatatu, na wikendi hiyo huwamaliza walio nje kuliko maandamano yenyewe.

Kwa kila watu kumi wekeni msimamizi mmoja mwenye kizibao cha kung'aa. Wahuni wa kukodishwa wakijipenyeza, wasimamizi waamuru watu waketi chini. Anayebaki amesimama na jiwe ataonekana, na kamera zitamwona. Watu wasipotulia, fungeni mkutano na mrudi nyumbani wawiliwawili.

Watu wawili wasiandamane kabisa. Wanabaki na orodha ya majina, namba za mawakili na fedha za dharura. Hawa ndio watakaozunguka vituoni jioni wakiwa bado na nguvu, wakichukua namba ya OB, daftari la matukio la polisi. Bondi ya polisi hailipiwi; dhamana ya pesa taslimu lazima iwe na risiti.

Siku tatu baada ya maandamano msifanye uamuzi wowote mkubwa. Kuleni pamoja, chapo na madondo zinatosha, kila mtu aseme alivyoona na kusikia. Ugomvi mwingi unaovunja makundi huanza kesho yake, watu wakiwa na njaa na hofu.

Pesa

Michango isiingie kwa simu ya mtu. Fungueni akaunti ya kundi yenye watia sahihi watatu, na mweka hazina asome hesabu kila kikao, hata ikiwa ni shilingi mia nne. Fedha za dharura zitengwe. Mkataeni mwanasiasa anayekuja na tisheti, mapema na kwa upole.

Mtu akianza kuzimika

Huanza kuchelewa, kisha kuwafokea wenzake, kisha kunyamaza. Mwendee nyumbani, usimwite kikaoni. Mpe wiki sita bila kazi yoyote na umwambie tarehe ya kurudi ni yake kuipanga. Asiyelala, au anayezungumzia kufa, asiachwe peke yake. Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa 1199.

Kila kazi iwe na watu wawili: katibu na anayejifunza ukatibu. Wabadilishane kila miezi sita, na siku ya kukabidhi wakae pamoja kwa muda wa saa mbili wakipitia faili la barua zenye muhuri, nywila, laini ya simu na daftari la hesabu, kisha wote wawili watie sahihi.